Diski Iliyorudi Bila Jibu: Uchambuzi wa Wizi wa Data za Maveterani wa Marekani, 2006

Tarehe 3 Mei 2006, wezi walivunja nyumba ya mtumishi mmoja wa serikali ya Marekani huko Aspen Hill, katika kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, wakaondoka na laptop pamoja na diski ya nje. Mwenye nyumba alikuwa mchambuzi wa takwimu katika Wizara ya Masuala ya Maveterani. Ndani ya diski ile, ambayo ilikuwa mali yake binafsi wala si ya wizara, kulikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu waliokadiriwa kufikia milioni 26.5, wengi wao wanajeshi wastaafu, na kwa baadhi yao viwango vya ulemavu vilivyotambuliwa na wizara. Mwezi uliofuata ilibainika kwamba hata wanajeshi waliokuwa bado kazini, pamoja na wa akiba na wa Walinzi wa Taifa, wapatao milioni 2.2 kwa jumla, huenda walikuwamo katika orodha ileile.

Kwa Mmarekani, namba ya hifadhi ya jamii ikikaa pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa ni hatari kubwa, kwa sababu mtu mwingine akiwa nazo zote tatu anaweza kuomba mkopo au kadi ya benki kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe akaja kujua miezi baadaye anapodaiwa fedha asizozikopa. Tena si namba inayobadilishwa kirahisi kama nywila ya barua pepe. Mtu hupewa moja na kwa kawaida hukaa nayo maisha yake yote. Ndiyo maana wizi wa vifaa viwili, ambavyo thamani yake dukani isingezidi dola elfu chache, uligeuka kuwa suala la Bunge, la shirika la upelelezi la FBI na la Ikulu ya Marekani kwa muda wa wiki chache tu.

Wezi wenyewe hawakuwa na habari na maveterani. Uchunguzi ulionyesha kwamba ulikuwa wizi wa kawaida wa kuvunja nyumba, na mwezi Agosti mwaka huohuo polisi wakawakamata vijana wa eneo hilo. Jambo hili ni la msingi katika kukielewa kisa chote, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya kulinda data huwaza mdukuzi hodari aliyejifungia chumbani, ilhali laptop nyingi huibwa na mtu anayetafuta kitu cha kuuza jioni hiyohiyo. Hatari ya data inaanzia pale kifaa kinapoanza kupita mikononi mwa watu: mnunuzi wa kwanza, fundi atakayeombwa kukisafisha, na mnunuzi wa pili mwenye udadisi wa kufungua mafaili kabla ya kuyafuta.

Mchambuzi yule hakuficha. Alitoa taarifa polisi na kwa wakubwa wake kazini siku ileile. Kuanzia hapo taarifa ilipanda ngazi kwa mwendo wa kinyonga. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa wizara, ambayo kazi yake hasa ni kuchunguza mambo ya namna hii, ilizipata habari tarehe 10 Mei, nazo zilitajwa kwa kupita tu katika kikao cha kawaida ambacho mmoja wa maofisa wake alikuwa amehudhuria. Waziri Jim Nicholson aliambiwa tarehe 16 Mei, siku kumi na tatu baada ya wizi. Wananchi walitangaziwa tarehe 22 Mei. Kwa hiyo watu wenyewe ambao namba zao zilikuwa zimepotea walikaa karibu wiki tatu bila kujua kwamba walipaswa kuziangalia akaunti zao kwa makini.

Kuchelewa huko kulilaumiwa sana, na kwa haki. Hata hivyo, ukiisoma ripoti ambayo Mkaguzi Mkuu aliitoa mwezi Julai, unaona kwamba sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: je, hizo data zinasomeka au hazisomeki? Ndani ya wizara ilitolewa hoja kwamba mafaili yalikuwa katika muundo wa programu maalumu ya takwimu na kwa hiyo huenda yasingefunguka kirahisi mikononi mwa mtu wa kawaida. Hoja hiyo ilipunguza makali ya taarifa ilipokuwa ikipanda ngazi, nayo ilikuwa dhaifu. Muundo wa faili hauzuii chochote. Unamchelewesha tu mtu asiye na programu inayofaa, na programu hupatikana. Ukweli ulikuwa mfupi: data hazikuwa zimesimbwa, yaani kugeuzwa ziwe maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, wala hazikuwekewa nywila.

Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu nywila imewadanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote katika habari hii. Mwenye laptop anapoiwasha na kuulizwa nywila, huamini kwamba asiyeijua hawezi kuyafikia mafaili yake. Lakini nywila ile inaulizwa na mfumo wa uendeshaji, na mfumo wa uendeshaji ni programu tu iliyohifadhiwa ndani ya diski ileile inayodaiwa kulindwa. Fundi akiigeuza laptop, akalegeza skrubu chache, akaichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wa USB, hataulizwa nywila yoyote. Folda za mwenye mali zitajipanga mbele yake kama za flash ya kawaida. Akiwa mvivu wa kufungua skrubu, atawasha mashine kwa kutumia mfumo mwingine uliomo kwenye flash na kufika palepale. Na kwa diski ya nje kama ile ya Aspen Hill, hata bisibisi haihitajiki.

Akipenda kwenda ndani zaidi, anaweza kuifungua diski hiyo kwa programu inayoonyesha baiti mojamoja. Upande wa kushoto wa kioo ataona safu za namba, na upande wa kulia ataona maandishi yenyewe: jina, nafasi, tarehe, kisha tarakimu tisa za namba ya hifadhi ya jamii, halafu jina linalofuata, na kadhalika mamilioni kwa mamilioni. Diski iliyosimbwa ikifunguliwa kwa programu ileile huonyesha takataka tupu kuanzia mwanzo wa sehemu iliyosimbwa mpaka mwisho wake. Hakuna neno, hakuna mpangilio unaojirudia, na huwezi kujua ni wapi pana picha, ni wapi pana hesabu za mshahara na ni wapi hapajawahi kuandikwa kitu. Hiyo ndiyo tofauti yote, na mtu aliyeiona kwa macho yake mara moja hahitaji tena kushawishiwa.

Utaratibu wa kusimba diski nzima si mgumu kuuelewa. Programu inapowashwa kwa mara ya kwanza hutengeneza ufunguo mkuu wa kubahatisha, wenye biti 128 au 256, na kwa ufunguo huo husimba kila kipande cha diski, ikichanganya humo pia namba ya mahali kipande kilipo ili vipande viwili vyenye maandishi yaleyale visifanane. Ufunguo huo mkuu mwenye kompyuta haujui wala hauoni. Huhifadhiwa kwenye diski yenyewe ukiwa umesimbwa nao, na nywila ya mwenye mali, baada ya kupitishwa katika hesabu iliyofanywa kuwa nzito makusudi ili kumchosha anayebahatisha, ndiyo inayoufungua, kama vile mlinzi anayetunza ufunguo wa ghala ndani ya kasha dogo lenye kufuli lake. Ndiyo sababu kubadilisha nywila huchukua sekunde chache hata kama diski ina mafaili ya miaka kumi: linalobadilishwa ni kufuli la kasha, na ghala halikuguswa. Ufunguo wa biti 128 haubahatishiki kwa kompyuta zote zilizopo duniani. Kinachobahatishika ni nywila, na mtu aliyeweka jina la mtoto wake na mwaka wa kuzaliwa ameshusha ulinzi wote mpaka kimo cha nywila hiyo.

Je, mwaka 2006 teknolojia hii ilikuwapo? Ilikuwapo, tena kwa wingi. Kanuni ya kusimba iitwayo AES, ambayo ndiyo inayotumika mpaka leo, ilikuwa imeidhinishwa na taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, mwezi Novemba 2001. Windows iliweza kusimba mafaili na folda tangu toleo la mwaka 2000. Apple ilileta FileVault mwaka 2003, ingawa wakati huo ilisimba folda ya mtumiaji peke yake na si diski nzima. TrueCrypt, programu ya bure iliyoweza kusimba hata diski za nje, ilitoka mwaka 2004, na watumiaji wa Linux walikuwa na LUKS mwaka huohuo. Kilichokosekana ni wepesi. BitLocker, programu ya Microsoft ya kusimba diski nzima, ilikuwa bado inasubiri Windows Vista, ambayo ilizifikia kampuni mwishoni mwa mwaka 2006, na vichakato vya Intel vyenye amri maalumu za AES vilianza kuuzwa mwaka 2010, kwa hiyo mashine za siku zile zilipunguza kasi zikisimba, na watumishi wakalalamika. Ni sababu inayoeleweka. Lakini kwa orodha ya watu milioni 26.5 hakuna mtu makini angelalamikia sekunde kadhaa.

Turudi kwenye diski. FBI na polisi wa kaunti ya Montgomery walitangaza zawadi ya dola 50,000 kwa atakayesaidia kupatikana kwake, na tarehe 28 Juni vifaa vyote viwili vikawa mikononi mwa wachunguzi. Kesho yake waziri alilitangazia taifa. Wataalamu wa FBI walizichunguza kumbukumbu za diski na kuripoti kwamba wana imani kubwa kuwa data hazikuwa zimefunguliwa. Serikali, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imeliomba Bunge dola milioni 160.5 kwa ajili ya kuwalipia maveterani huduma ya kufuatilia taarifa zao za mikopo kwa mwaka mmoja, ililiondoa ombi hilo kwa hoja kwamba haja haipo tena.

Mimi naona hapo ndipo penye fundisho kubwa la kiufundi la kisa hiki, na ndipo paliposemwa machache kuliko kote. Wachunguzi walijuaje kwamba data hazikufunguliwa? Kwa kawaida uchunguzi wa namna hiyo huangalia tarehe ambazo mfumo huandika kila faili linapofunguliwa au kubadilishwa, pamoja na alama nyingine ambazo mashine huziacha inapotumika. Alama hizo zina maana kubwa iwapo aliyekuwa na diski ni kijana aliyeiiba ili aiuze. Lakini mtu anayejua anachofanya anaweza kuinakili diski nzima, kipande kwa kipande, kupitia kifaa kinachozuia maandishi yoyote yasiingie, na baada ya kazi hiyo diski itabaki na tarehe zilezile ilizokuwa nazo asubuhi ya wizi. Ni njia ileile ambayo wachunguzi wa polisi wenyewe huitumia ili wasiharibu ushahidi. Kwa hiyo hata uchunguzi bora kabisa unaweza kusema tu kwamba hakuna dalili, na tofauti kati ya kukosekana kwa dalili na kutotokea kwa jambo hubaki mikononi mwa mwizi. Siamini kwamba vijana wale walinakili kitu. Ila imani yangu imejengwa juu ya tabia ya wezi wa nyumba kwa jumla, na ya FBI pia kwa sehemu ilijengwa hapo.

Kama diski ile ingekuwa imesimbwa na nywila yake ikawa nzuri, mtiririko mzima ungekuwa mwingine. Mchambuzi angepiga simu tarehe 3 Mei kusema kwamba ameibiwa diski iliyosimbwa, ofisa wa usalama angehakikisha kwamba kweli ilisimbwa na kwamba nywila haikuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake, na wizara ingehesabu hasara ya kifaa kimoja. Usimbaji wa diski humzuia mwizi kusoma, hilo kila mtu analisema. Linalosahaulika ni kwamba humwondolea mwenye data ulazima wa kumngojea mwizi akamatwe ndipo ajue lililotokea. Wizara ilingoja wiki nane kupata jibu la nusu kwa swali ambalo usimbaji ungelijibu kabla halijaulizwa.

Watunga sheria waliliona hili mapema kuliko mafundi wengi. Sheria ya California inayolazimisha taasisi kuwaarifu watu data zao zinapovuja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2003, ilizungumzia data zisizosimbwa. Aliyepoteza diski iliyosimbwa hakuwa na wajibu huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 imefuata njia inayokaribiana na hiyo katika kifungu cha 43: uvujaji wenye hatari ya kweli kwa mhusika unapaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, lakini ulazima wa kumjulisha mwenye data mwenyewe huondoka pale ambapo taasisi ilikuwa imeweka kinga zinazofaa, na usimbaji umetajwa kwa jina miongoni mwa kinga hizo. Kwa hospitali, chama cha akiba na mikopo, au ofisi ya wakili wa Nairobi au Mombasa inayobeba mafaili ya wateja kwenye laptop, kifungu hicho peke yake ni sababu tosha ya kuwasha usimbaji leo, mbali na sababu nyingine zote.

Upande wa mchambuzi mwenyewe unahitaji haki yake. Wizara ilimweleza mwanzoni kama mtumishi aliyevunja taratibu, na ikaanza hatua za kumwachisha kazi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu haikumsafisha: iligundua kwamba alikuwa akizipeleka data nyumbani kwa miaka kadhaa, na kwamba wakubwa wake hawakujua kuwa data hizo zilikuwa huko. Lakini ripoti hiyohiyo ilikuta sera za wizara zikiwa vipandevipande, zimetawanyika katika nyaraka nyingi na ni ngumu kupatikana, na haikuona katazo la wazi la kuzitoa data ofisini au kuziweka kwenye vifaa binafsi. Idhini ya kuzifikia data kwa kazi yake alikuwa nayo. Mtu mwenye ruhusa ya kusoma, asiye na amri inayosema asome wapi, na asiyepewa chombo cha kusimba, atafanya lile linalomrahisishia kazi. Kumfukuza mtu huyo ni rahisi. Aliyemfuata kwenye kiti hicho angefanya vilevile.

Serikali kuu ilichukua hatua kabla hata diski haijapatikana. Tarehe 23 Juni 2006 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ilitoa waraka ulioziagiza wizara na idara zote kusimba data zilizomo katika kompyuta na vifaa vinavyobebeka, isipokuwa zile ambazo naibu waziri au mtu aliyeteuliwa naye amethibitisha kwa maandishi kwamba si nyeti. Waraka huo ulitaka pia mtu anayeingia kutoka mbali athibitishwe kwa njia mbili, kikao chake kikatike baada ya dakika 30 za kutotumika, na kila nakala ya data nyeti inayochotwa kwenye hifadhidata iandikwe na kufutwa ndani ya siku 90 kama haihitajiki tena. Idara zilipewa siku 45. Mwezi Agosti wizara ya maveterani ikatangaza mkataba wa dola milioni 3.7 wa kuzisimba laptop zake zote, na baadaye kompyuta za mezani na vifaa vingine. Mwisho wa mwaka Bunge lilipitisha sheria iliyoweka masharti ya usalama wa taarifa kwa wizara hiyo peke yake.

Dola milioni 3.7 ukiziweka kando ya zile milioni 160.5 zilizoombwa kwa ajili ya kufuatilia mikopo, hesabu inajieleza. Lakini mkataba huo ulikuwa na kasoro ambayo msomaji makini ameshaiona. Ulianza na laptop za wizara. Data zilizoibwa Aspen Hill zilikuwa kwenye diski ya nje, na hiyo ilikuwa mali ya mtumishi. Hata kama kila laptop ya wizara ingekuwa imesimbwa kwa ustadi wote mwezi Aprili 2006, diski ile ingeondoka na wezi tarehe 3 Mei ikiwa wazi kama ilivyoondoka. Usimbaji wa diski nzima hulinda diski, hauwafuati wanaonakili. Faili likinakiliwa kutoka kwenye laptop iliyosimbwa kwenda kwenye flash ya kawaida, hufunguliwa njiani bila mtumiaji kuhisi chochote na kufika huko likiwa maandishi matupu. Watumishi wengi hawalijui hili. Hudhani faili limebeba ulinzi wake pamoja nalo.

Kwa hiyo amri ya kusimba inapaswa kuandikwa kwa kufuata data na si vifaa: data hizi zinaruhusiwa kukaa wapi, na kila mahali hapo panasimbwa kwa chombo gani. Katika ofisi ndogo jibu linaweza kuwa fupi, kwamba hazitoki kwenye laptop mbili za ofisi na diski moja ya nakala rudufu, na zote tatu zimesimbwa. Diski ya nakala rudufu ndiyo husahaulika kuliko zote, ingawa ndiyo yenye kila kitu mahali pamoja. Windows 7 ya mwaka 2009 ilirahisisha kazi hii kwa kuiwezesha BitLocker kusimba flash na diski za nje, na Apple nayo ikaanza kusimba diski nzima kwa FileVault 2 mwaka 2011. Leo kompyuta nyingi mpya za Windows husimbwa zenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wakati mwingine bila yeye kutambua.

Urahisi huo umezaa tatizo la aina nyingine, ambalo kwa ofisi nyingi linaweza kuuma kuliko mwizi. Diski iliyosimbwa haimjui mwenyewe. Mtu akisahau nywila, au ubao mkuu wa laptop ukiharibika pamoja na chipu inayotunza ufunguo, BitLocker itamdai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, na asipokuwa nao hakuna fundi, wala kampuni iliyotengeneza programu, atakayemrudishia mafaili. Ufunguo huo unapaswa kuchapishwa na kufungiwa kabatini, mbali na laptop yenyewe, kabla ya jambo lingine lolote. Kuuweka ndani ya begi la laptop ni sawa na kutosimba kabisa. Na kuuweka katika faili lililomo kwenye laptop ileile, jambo ambalo watu hulifanya, ni kichekesho ambacho mwenyewe hatakicheka.

Kuna jambo la mwisho la kiufundi ambalo kisa cha Aspen Hill hakikuligusa, ila lingekigusa kama laptop ingeibwa ikiwa imelala badala ya kuzimwa. Mashine inapowaka, au inapolala baada ya kufunikwa, ufunguo mkuu huwa umo ndani ya kumbukumbu yake ya muda. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haifutiki papo hapo umeme unapokatika, kwamba ikipozwa hushikilia maandishi kwa dakika kadhaa, na kwamba ufunguo unaweza kuchotwa humo. Mwizi wa nyumba hafanyi hayo. Lakini laptop iliyolala bila kudai nywila inapoamshwa haihitaji maarifa ya Princeton. Inahitaji tu kufunuliwa. Anayesafiri na data za watu azime mashine kabisa kabla ya kuitia begini.

Yaliyofuata katika wizara yenyewe yanaonyesha jinsi pengo la diski za nje lilivyokuwa pana. Tarehe 22 Januari 2007, miezi mitano baada ya mkataba wa usimbaji kutangazwa, mtumishi wa kituo cha tiba cha maveterani huko Birmingham, jimbo la Alabama, aliripoti kwamba diski ya nje imepotea. Mwanzoni ilisemwa kwamba huenda ilikuwa na taarifa za maveterani 48,000, na kwamba za baadhi yao hazikuwa zimesimbwa. Wiki chache baadaye hesabu ilipanda hadi watu wapatao 535,000, pamoja na madaktari milioni 1.3 wasio wa wizara ambao taarifa zao zilikuwamo humohumo.

Kesi zilizofunguliwa na vyama vya maveterani kuhusu diski ya Aspen Hill ziliunganishwa na kuendelea mahakamani, ingawa diski ilikuwa imesharudi. Madai ya awali yalikuwa dola 1,000 kwa kila mwathirika, jumla ambayo ingefika dola bilioni 26.5. Mwezi Januari 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20. Waliostahili kulipwa ni wale walioweza kuonyesha kwamba waliumia, iwe ni kwa msongo uliowaletea dalili za mwili au kwa gharama walizozitoa mfukoni kufuatilia taarifa zao za mikopo, na kila mmoja angepata kati ya dola 75 na 1,500. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba namba yake ilitumiwa na mwizi.